Mluzi wa Evarista

Mluzi ulisikika jikoni, asubuhi, katika nyumba ya Yotamu pale Ilula. Ulikuwa mluzi wa kurumbiza, ndege wa msitu mnene, asiye na shughuli katika mji wa nyanya na malori. Yotamu alifungua dirisha. Nje hapakuwa na ndege, wala mti wa kumkalisha.

Jana yake alikuwa Udekwa, ndani ya hifadhi ya msitu, na kamera ya marehemu mkewe. Evarista aliwapiga picha ndege wengi wa msitu ule, lakini kurumbiza, aliyempenda kuliko wote, hakumpata. Alikuwa akimwita kwa mluzi wake mwenyewe. Siku moja alijirekodi kwenye simu, na mwishoni akacheka na kusema, "Tulia, Yotamu, anakuja." Saratani ilimchukua kabla ndege hajaja. Hakuacha sauti nyingine.

Yotamu alipotaka kuiwasha rekodi hiyo msituni, Dastan, mwongoza njia wao wa miaka yote, alimzuia.

"Kaka, washa sauti ya ndege, siyo ya marehemu. Humu tunaita kilicho hai."

"Unaogopa mluzi, Dastan? Wewe uliyekimbizwa na nyati?"

"Nyati namwona."

Yotamu aliwasha. Kurumbiza alikuja kweli, akatua, akapigwa picha. Kisha, kutoka kwenye ukungu, mluzi ule ukajibiwa kwa mluzi uleule.

Sasa ulikuwa nyumbani. Ulihama jikoni ukaenda darini, ukifuatana na harufu ya majani yaliyooza. Jioni moja, ugali ukiwa mezani, kikaongezeka kicheko, na Yotamu, badala ya kuogopa, akalia kwa furaha, maana kilikuwa kicheko cha Evarista, wala hakumwuliza binti yake mdogo, Goodness, kwa nini ameacha kula, mpaka sauti ilipotoka nje na kusema maneno yasiyokuwamo kwenye simu, "Goodness, njoo, mama nina baridi," na mtoto akainuka, akatoka peku, akapita katikati ya mistari ya nyanya bila kugeuka alipoitwa, hadi baba yake alipomkamata ukingoni mwa korongo, mkono wake mmoja umenyooshwa mbele kama wa mtoto anayeongozwa.

"Baba," alinong'ona, "mkono wa mama umejaa majani."

Dastan alimleta mjomba wake, mzee Kalinga, mganga wa Udekwa. Mzee alinusa hewa ya sebuleni, akaketi.

"Majini ya pwani hutaka udi na ubani," alisema kwa sauti ya chini. "Hili la kwetu halina gharama hizo. Lilikuwa halina sauti, wewe ukalipatia ya mkeo. Ifute."

"Mzee, sina nyingine."

"Najua, mwanangu."

"Nikiipeleka simu Iringa, kwa dada yangu?"

"Litaifuata. Kwani dada yako hana watoto?"

Yotamu alimtazama Goodness, aliyelala amefungwa kanga kiunoni na kushikizwa kwenye kiti, asije akatoka tena. Akaishika simu. Hapo dirishani sauti ikamsihi, taratibu, kama mgonjwa anayeomba maji:

"Yotamu, usinizike mara ya pili."

Alibonyeza. Ukimya ulikuja ghafla, hata Dastan akashika ukuta. Mzee Kalinga alinyunyiza maji milangoni, na ile harufu ikaondoka.

Goodness alianza tena kula, akarudi shule. Siku moja, akichambua mboga, aliuliza:

"Baba, mama alikuwa anaongeaje?"

Yotamu alifungua kinywa amwigize, akakifunga.

"Vizuri," alisema. "Alikuwa anaongea vizuri."

Hakuweza kuongeza. Kila alipoitafuta sauti ya mkewe moyoni aliipata, safi kabisa, ikimsihi kwa maneno ambayo Evarista hakuyasema kamwe.