Viti Tisa Visivyokwenda

Kila asubuhi Mama Pindo alianza kazi kwa kuhamisha viti. Alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wateja wake kwa sababu hakuna aliyemzidi kwa kukunja pindo. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa mahali pake pa kazi. Humo mlikuwa na cherehani, meza ya kukatia nguo, kioo kirefu, na viti vitano vya magurudumu vya wagonjwa.

Viti hivyo havikuwa vyake. Vilikuwa mali ya Tusaidiane, kikundi cha majirani kilichowaazima wagonjwa viti bila malipo. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti.

"Mwenyekiti wa viti," mumewe alizoea kumtania. Siku hizi utani ulikuwa umemwisha. Asubuhi ile aligonga goti kwenye kiti cha kwanza, akaruka, akagonga jingine kwenye cha pili.

"Mama watoto," alisema akijisugua, "hivi viti vinamsaidia nani?"

"Vinasubiri kutengenezwa."

"Tangu mwaka juzi?"

Mama Pindo alijua mumewe ana haki. Kimoja kilikuwa na fremu iliyokatika. Kingine gurudumu lilikuwa limepinda. Vitatu vilikuwa na kutu mpaka breki hazikamati. Vitambaa vya kukalia tu ndivyo vilivyokuwa vizima, kwa sababu hivyo alivishona mwenyewe. Kiti chao cha sita, kizima peke yake, kilikuwa kwa bibi mmoja aliyepooza, na bibi yule alikihitaji kila siku.

Kabla hajakaa kwenye cherehani, mwanamke mmoja alibisha hodi. Alikuwa mke wa mwashi wa mtaa wa pili. Mumewe alianguka kutoka jukwaani akijenga ukuta, akavunjika nyonga na mguu.

"Wamemtoa wodini," alisema mke wa mwashi. "Wanataka nimpeleke kliniki ya mazoezi kila wiki. Wamesema asipofanya mazoezi, viungo vitakakamaa na hatatembea tena. Sasa nampelekaje, Mama? Hata chooni nambeba mgongoni. Na mgongo wangu nao umeanza kulalamika."

"Nipe wiki moja," alisema Mama Pindo.

"Wiki hii ameshakosa."

"Nimekusikia, dada. Nitahangaika."

Akahangaika kweli. Alichukua barua yake ya kuomba msaada, ile ile ya kila mwaka, akabadilisha tarehe tu. Barua ilisema: "Tunaomba msaada wowote utakaojaliwa." Akaingia mtaani na jua la saa sita.

Muuza nyama alipomwona na faili mkononi, aliweka simu sikioni akaanza kuongea kwa sauti. Bahati mbaya simu ikaita akiwa bado anaongea. Wote wawili waliona aibu, na Mama Pindo akaenda zake.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hakujificha. Alisoma barua mpaka mwisho, akaikunja, akamrudishia.

"Mama, keti kidogo. Wiki iliyopita alikuja Cheche, yule mchomeaji wa ng'ambo ya barabara. Naye alikuwa na barua ya viti vya wagonjwa. Leo umekuja wewe. Mwaka jana niliwapa nyote wawili. Nilichowapa kilifanya nini?"

"Kilisaidia wagonjwa, bosi."

"Wangapi?"

Mama Pindo alipekua faili lake. Hakujua.

"Hata kuja kuniambia tu kwamba kiti kimefika kwa fulani, hakuna," alisema mwenye duka. "Nikiwaona nyinyi najua mwaka umekwisha. Mimi nimechoka kutupa vitu shimoni. Nenda kwa amani."

Alirudi nyumbani na hasira zake. Alimkuta wifi yake, dada wa mumewe, amesimama mbele ya kioo akijaribu gauni lililokuwa likirekebishwa. Wifi alikuwa mtunza stoo katika shirika linalosaidia watu wasioona, na alikuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na miwili. Ulimi wake ulijulikana na ukoo mzima.

"Watu wa mtaa huu wana mioyo ya mawe," alisema Mama Pindo, akaitupa barua mezani.

Wifi aliiokota akaisoma. "Wifi yangu, hii barua ndiyo unayowapelekea?"

"Ina kosa gani?"

"Msaada wowote. Wowote ni nini? Msumari mmoja nao ni wowote. Mtu hajui unataka nini, atakupaje?"

"Nataka pesa za kutengeneza viti."

"Kiti gani? Kina ubovu gani? Nani anakisubiri?"

Mama Pindo alichomoa pini kwenye gauni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Unaniuliza maswali kama polisi. Mwashi wa mtaa wa pili anasubiri, mkewe anambeba mgongoni. Mimi najitolea. Silipwi hata senti."

"Kujitolea si ruhusa ya kufanya ovyo," alisema Wifi. "Usininunie, nakwambia kwa sababu nakupenda. Sisi kule kazini tuliwahi kuomba kama wewe. Tulilia kwa kila mtu, kila mwaka, kama mtu anayezama. Watu wakatuonea huruma mara ya kwanza. Mara ya pili wakafunga milango. Huruma huchoka, wifi."

"Sasa mlifanyaje?"

"Tulianza na kazi. Tuliandika watu wangapi wanahitaji nini. Kisha tukajiuliza: kitu hiki, nani anacho na anajali? Mwenye mbao tulimwomba mbao. Mwenye gari tulimwomba safari mbili kwa mwezi. Hatukumtegemea mtu mmoja, maana akianguka yeye, mnaanguka nyote. Tukipewa, tulirudi kusema asante na kuonyesha kazi. Tena tulirudi hata siku ambazo hatukuwa na la kuomba."

Mama Pindo alichomeka pini kwenye kola yake. "Na huyo Cheche je? Ananiharibia. Kila ninapokwenda, ametangulia."

"Kwani yeye hasaidii wagonjwa?"

"Anasaidia."

"Basi nenda mkazungumze."

"Na Cheche? Afadhali niwabebe wagonjwa mgongoni."

Wifi alivua gauni, akalikunja taratibu. "Hutawabeba wewe," alisema. "Mke wa mwashi ndiye anayebeba."

Neno hilo lilimkaa Mama Pindo rohoni. Alijaribu kushona, uzi ukakatika mara tatu. Mwisho alifunga cherehani, akavuka barabara.

Yeye na Cheche walikuwa wamenuniana miaka miwili. Siku moja walikutana kwenye mlango wa ofisi moja waliyokwenda kuiomba msaada, kila mmoja na barua yake. Ofisi iliwanyima wote, na tangu hapo kila mmoja alimlaumu mwenzake. Cheche aliongoza kikundi kilichoitwa Mkono kwa Mkono, jina ambalo Mama Pindo hakuweza kulitamka bila kubinua midomo.

Alimkuta karakanani kwake, kofia ya kuchomelea imeinuliwa kichwani.

"Umekuja kunigombeza?" aliuliza Cheche.

"Bado sijaamua. Una viti vingapi?"

"Vinne. Kwa nini?"

"Vinatembea?"

Cheche alishusha pumzi kama mtu aliyeulizwa deni. Akampeleka nyuma ya karakana. Viti vinne vilikuwa vimejipanga ukutani. Fremu zilikuwa imara, zimechomelewa vizuri, breki zinakamata. Lakini hakuna kimoja kilichokuwa na kitambaa. Kimoja kilifungwa kamba. Kingine kilipigiliwa ubao.

"Ubao?" alisema Mama Pindo. "Mgonjwa akae kwenye ubao?"

"Alikaa mmoja, akapata vidonda, akakirudisha. Mimi ni mchomeaji, Mama. Sijui kushona. Nilikuwa naomba pesa ninunue viti vipya."

Mama Pindo aliangalia fremu zile. Akafikiria vitambaa vyake vizima juu ya fremu mbovu, chumbani, ng'ambo ya barabara. Hatua mia mbili tu. Miaka miwili.

"Cheche," alisema, "sisi ni wajinga."

"Sema wewe."

"Nasema sisi."

Cheche alitaka kubisha. Aliangalia ubao, akaangalia sindano zilizochomekwa kwenye kola ya mgeni wake. "Lete vipimo vyako," alisema.

Jioni ile ile Mama Pindo alihamisha vitambaa viwili kutoka viti vyake, akavifunga kwenye fremu mbili za Cheche zilizolingana navyo. Walibishana kuhusu kila nati. Yeye alitaka kitambaa kikaze, Cheche alitaka kilegee. Mke wa mwashi alipata kiti kabla ya juma kwisha, na mwashi akapelekwa kliniki akiwa ameketi kama mtu.

Viti vingine saba havikutengemaa kwa siku moja. Vilihitaji tairi, beringi na rangi. Hapo Wifi aliwakalisha wote wawili chumba cha mbele, na wanachama wachache wa kila kikundi. Nusu saa ya kwanza iliisha kwa ubishi wa nani atakuwa mwenyekiti.

"Sijaja kuwaozesha," alisema Wifi, amechoka. "Bakini na vikundi vyenu. Bakini na majina yenu. Andikeni tu nani atafanya nini."

Wakaandika. Mkono kwa Mkono wangechomelea. Tusaidiane wangeshona na kupokea wagonjwa. Daftari lingekuwa moja. Mtu akiomba kiti, asizungushwe kutoka ng'ambo hii kwenda ile. Na barua ya kuomba ingekuwa moja, yenye sahihi mbili.

Kisha walikwenda kwa mtaalamu wa mazoezi wa kliniki. Yeye ndiye aliyewaona wagonjwa wote, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Aliwapa idadi palepale: watu kumi na wanane waliomba viti, na sita kati yao magongo yangewatosha.

"Nilikuwa nawatuma kwenu, wanarudi mikono mitupu," alisema. "Nikaacha kuwatuma." Baadaye aliwaombea kwa uongozi wa kliniki stoo moja iliyojaa makopo matupu. Chumba cha mbele cha Mama Pindo kikapata nafasi, na mumewe akapumua.

Safari hii hawakubisha kila mlango. Muuza spea za baiskeli walimwomba tairi na beringi, kwa idadi, na wakampeleka stoo aone zitafungwa wapi. Mama yake muuza spea mwenyewe alitembea kwa shida, kwa hiyo hawakuhitaji maneno mengi.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa mgumu zaidi. Mama Pindo na Cheche waliingia pamoja, na yeye akakunja uso.

"Leo mmekuja wawili kabisa."

"Tumekuja kukujibu swali lako," alisema Mama Pindo. "Uliuliza ulichotupa mwaka jana kilisaidia wangapi. Ukweli ni kwamba kilisaidia watu wawili, mmoja kwangu, mmoja kwake. Vingine vililala kwa sababu tulikuwa hatusemezani. Sasa viti viwili vimeshatoka, na saba vimebaki. Tunaomba makopo mawili ya rangi na nati za viti hivyo. Orodha hii hapa."

"Pesa hamtaki?"

"Leo hapana."

Alisoma orodha mara mbili. Hakutabasamu. "Rangi nitatoa," alisema. "Nati nitatoa nikiiona hiyo rangi juu ya chuma."

Wiki mbili baadaye walimpeleka stoo akaiona. Wakapata nati.

Kufikia mwisho wa mwezi wa nne tangu waanze kushirikiana, viti vyote tisa vilikuwa vikienda, na hakuna kilichokuwa kimelala. Mwashi alirudisha chake mwenyewe. Alikuja kwa magongo, polepole, mkewe akisukuma kiti kitupu nyuma yake. Mama Pindo alikipangusa, akakagua breki, na alasiri hiyo hiyo kikaenda kwa mzee wa mtaa wa tatu.

Kwenye ukuta wa kliniki walibandua karatasi ya mwezi wa kwanza, wakabandika mpya. Juu waliandika idadi ya watu waliopata viti. Chini waliandika waliosaidia katika miezi mitatu iliyofuata: duka la spea, kliniki, mchuuzi mmoja wa turubai, na akina mama wa kikundi cha kuweka akiba, waliochangia magongo.

Siku ya tatu baada ya karatasi kubandikwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliingia stoo bila kubisha hodi.

"Nimesoma karatasi yenu," alisema. "Duka langu halimo."

"Bosi, uko kwenye karatasi ya kwanza, ile ya rangi na nati," alisema Cheche. "Miezi hii hatukuwa na haja ya rangi."

"Kwa hiyo muuza spea anahitajika, mimi sihitajiki? Mngekuja mkasema."

Mama Pindo alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Tuna tatizo moja. Mlango wa stoo ni mwembamba. Viti vipana havipiti, tunavibeba kwa ubavu."

Mwenye duka aliugeukia mlango. Aliutazama kama mtu aliyetukanwa. Akatoa futi kamba mfukoni, akapiga goti moja sakafuni, akaanza kupima, huku akiuliza ni fundi gani duniani aliyejenga mlango wa namna ile.