Mheshimiwa Alipiga Kura Gani?

Mellen aliinama juu ya karai. Alizungusha maji polepole. Mchanga mwepesi ulimwagika pembeni, mzito ukabaki chini. Alitazama. Chembe tatu za dhahabu, ndogo kuliko punje za wimbi.

Hii ndiyo kazi yake tangu aolewe Macalder, penye machimbo ya dhahabu. Alizaliwa Kosele, kwa hiyo wenzake humwita nyar Kosele, yaani binti wa Kosele. Mumewe, Javan, huchimba mawe shimoni. Mawe husagwa kwa mashine. Kisha Mellen na wanawake kumi wa kikundi chao huosha unga wa mawe hayo kando ya kijito. Watoto wanne wa Mellen wanakula na kusoma kwa kazi hiyo.

Jumanne moja Javan alitoka shimoni mapema. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope.

"Mama Joyline, acha hiyo karai," alisema. "Tumeuzwa."

"Tumeuzwa na nani tena?"

"Na Mheshimiwa Cliff. Tazama hapa."

Alimwonyesha simu. Kulikuwa na picha za wajumbe wa bunge la kaunti, zimepangwa kama picha ya darasa. Juu paliandikwa kwa herufi nyekundu: HAWA NDIO WALIOPITISHA MSWADA WA MITO. Picha ya nne ilikuwa ya Cliff Mirumbe, mwakilishi wadi wao. Kando ya jina lake paliandikwa: NDIYO.

Habari za mswada huo walikuwa wamezisikia redioni. Ulisema mtu yeyote asioshe mchanga wa madini karibu na mto au kijito. Lazima awe mbali, mita mia tano.

Mellen alinyoosha kiuno akatazama mlimani. "Mita mia tano ni kule kanisani," alisema. "Sisi huchota mitungi thelathini kwa siku. Nani atabeba mitungi thelathini mpaka kanisani?"

Wanawake wengine waliacha makarai yao wakaja. Simu ilipita mkono kwa mkono.

"Yawa!" alisema Emmaculate, ambaye hakosi neno. "Huyu si ndiye alikula samaki yetu siku ya harambee? Alimaliza mpaka kichwa!"

"Na Ijumaa atakuja mazishi ya yule mwalimu wa shule yetu," alisema mwingine. "Huyo mazishi hakosi."

"Aje tu," alisema Mellen. "Tutashika karatasi zenye hii picha. Tutasimama mbele yake. Siku hiyo hatashika maiki."

Wote walikubaliana. Jioni hiyo Mellen na Emmaculate walienda sokoni kuchapisha nakala hamsini.

Duka la kuchapisha lilikuwa la Emmah Mong'ina. Emmah alitoka Kisii akahamia Macalder miaka sita iliyopita. Kabla ya hapo alifanya kazi ya kuandika Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za yote yanayosemwa bungeni. Alipoona picha ile, hakubonyeza mashine. Aliisoma yote, kisha akairudia.

"Dada Mellen, kura hii ilipigwa siku gani?" aliuliza.

"Mimi nitajuaje? Si imeandikwa hapo?"

"Haijaandikwa. Hakuna tarehe. Ngoja kidogo."

"Emmah, sisi tunataka nakala hamsini tu. Hatukuja shule."

"Nitawachapishia. Lakini kwanza tuone kama ni kweli. Mkishaionyesha mbele ya watu, hamwezi kuimeza tena."

Emmaculate alicheka. Mellen hakucheka. Emmah aligeuza kioo cha kompyuta ili waone. Alifungua tovuti ya bunge la kaunti, akatafuta Hansadi ya mwezi huo. Alisoma polepole, kidole kwenye kioo.

"Hapa. Mswada wa Ulinzi wa Mito. Umesomwa mara ya kwanza. Umepelekwa kwa Kamati. Basi."

"Basi nini?" aliuliza Mellen.

"Basi hakuna kura. Mswada ukisomwa mara ya kwanza, karani husoma kichwa chake tu. Hakuna mjadala. Hakuna anayesema ndiyo wala la. Baada ya hapo kamati husikiliza wananchi. Ndipo wajumbe hujadili, hurekebisha, hupiga kura."

"Kwa hivyo hii orodha?"

"Mtu ameitunga."

Mellen alikaa kwenye benchi. "Unamtetea Mheshimiwa," alisema.

"Simtetei. Sijui atapiga kura gani. Yeye pia labda hajui. Ninachosema ni kwamba bado hajapiga."

Emmaculate aliuliza, "Na wakipiga, sisi tutajua nani alisema nini?"

"Si kila mara," alijibu Emmah. "Mara nyingi spika huuliza kwa pamoja. Wanaokubali husema 'ndiyo' kwa sauti. Wanaokataa husema 'la'. Spika husikiliza upande wenye nguvu. Hapo Hansadi haiandiki jina la mtu. Lakini wajumbe wakiomba, kura hupigwa kwa majina. Karani huita mmoja mmoja, na kila mmoja hujibu. Hiyo inaandikwa, na inabaki."

Mellen alifikiri. Kisha alisema, "Tafuta jina la Cliff. Nataka kuona kazi yake yote."

Ilichukua nusu saa. Kwa mwaka ule bunge lilikuwa limekaa mara arobaini. Cliff alihudhuria mara thelathini na moja. Alizungumza mara tisa. Mara nne kati ya hizo alishukuru tu kwa kupewa nafasi na kuunga mkono mwenzake. Mara mbili aliuliza kuhusu barabara. Mara tatu aliuliza kuhusu jambo moja: maji ya kijito yanayofika kijiji cha chini.

Emmah alisoma maneno yake. "Bwana Spika, wanaoosha dhahabu hutumia zebaki kukusanya chembe. Maji hayo hurudi kijitoni. Kijiji cha chini watoto hunywa maji hayo. Ningependa kujua serikali ya kaunti inafanya nini."

Zebaki ndiyo ile waliyoiita makyuri. Kila mwanamke wa kikundi aliitumia, na maji yake yalimwagwa palepale. Na dada yake Javan aliolewa kijiji cha chini.

"Kuhusu sisi alisema nini?" aliuliza Mellen. "Kuhusu wanawake wanaokula kwa hiyo kazi?"

"Hakuna," alisema Emmah. "Wala neno moja."

"Kwa sababu hajui."

"Labda. Je, mmewahi kumwambia?"

Walikuwa wamemwomba viti vya kikundi, na hema, na mchango wa mazishi. Habari za kazi yao hawakuwahi kumwambia.

Emmah alifungua ukurasa mwingine. "Kamati inakuja kusikiliza watu. Ukumbi wa chifu, Ijumaa, saa tatu asubuhi."

"Ijumaa?" alisema Emmaculate. "Hiyo si siku ya mazishi?"

"Ndiyo hiyo. Wanasikiliza siku moja tu hapa."

Nyumbani, Javan hakupendezwa. "Watu watasema mmekosa mazishi ya mwalimu," alisema. "Na Mheshimiwa atapata kelele kutoka kwa nani?"

"Wewe nenda mazishi kwa niaba yetu," alisema Mellen. "Zika mwalimu vizuri. Mheshimiwa mwache aongee."

"Nimwache tu hivihivi?"

"Baba Joyline, tukimzomea Ijumaa, tutafurahi Ijumaa. Jumatatu sheria inatukuta hapa na karai."

Javan alienda kunawa.

Siku mbili zilizofuata Emmah aliwasaidia kuandika maoni yao. Mellen alitaka kuanza na matusi, Emmah akamzuia kwa upole.

"Andika kifungu gani mnataka kibadilishwe," alisema. "Andika mnataka kiweje. Kisha sababu. Kamati haiwezi kuandika kilio ndani ya sheria, lakini inaweza kuandika namba."

Kwa hiyo waliandika namba. Kifungu cha saba: badala ya mita mia tano, iwe mita mia moja. Uoshaji ufanyike kwenye madimbwi yaliyotandikwa turubai. Maji yenye zebaki yasirudi kijitoni. Wanawake kumi na mmoja walitia sahihi. Wawili kati yao hawakujua kuandika, wakatia alama ya kidole gumba.

Jambo la zebaki lilileta ubishi. Emmaculate alisema, "Kwa nini tujifunge wenyewe?" Mellen alimjibu, "Kwa sababu wifi yangu anachota huko chini."

Ijumaa walifika ukumbini kabla ya saa tatu. Wanakamati walikuwa watano. Mellen alisimama. Alisoma karatasi yote. Kisha aliomba jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi.

"Siku ya kupiga kura, tunaomba majina yaitwe," alisema. "Tunataka kujua. Tumechoka kuambiwa na simu."

Watu ukumbini walipiga makofi. Mwenyekiti alisema kamati haiwezi kuahidi hilo, kwa kuwa ni wajumbe wenyewe wanaoomba kura ya majina. Lakini mjumbe mmoja mwanamke aliandika kwenye daftari lake.

Miezi miwili ilipita. Wakati huo wanawake hawakungoja. Walichimba madimbwi mawili mbali na kijito, wakayatandika turubai. Kazi ilikuwa ngumu. Emmaculate alisema mgongo wake sasa una umri mkubwa kuliko yeye mwenyewe.

Siku moja Emmah alimwita Mellen sokoni. Hansadi ya wiki hiyo ilikuwa imetoka. Mjumbe yule mwanamke alikuwa ameleta marekebisho ya kifungu cha saba, mita mia moja badala ya mia tano. Kisha yeye na wenzake waliomba kura ya majina.

"Soma mwisho kwanza," alisema Mellen. Mikono yake alikuwa ameificha kwenye leso.

"Waliosema ndiyo, ishirini na wawili. Waliosema la, kumi na tisa. Marekebisho yamepita."

Mellen alifumba macho. Madimbwi yao yangebaki pale pale.

"Sasa nisomee Mheshimiwa Cliff."

Emmah alisita kidogo. "Cliff Mirumbe. La."

"La?"

"La. Na amesema kwa nini. Sikiliza. 'Bwana Spika, nawaheshimu akina mama wa wadi yangu. Lakini mita mia moja ni karibu sana. Turubai hutoboka. Sijaona dimbwi hata moja ambalo halivuji.'"

Mellen alimwomba asome tena. Alitikisa kichwa, si kwa hasira. "Angalau safari hii ametutaja," alisema.

Wiki iliyofuata Mheshimiwa Cliff alifika Macalder. Alisimamisha gari juu ya barabara, akashuka na vijana wawili nyuma yake. Alipowaona wanawake, alianza kusema haraka.

"Akina mama, hongereni! Tumepigana sana kule bungeni. Mimi mwenyewe..."

"Mheshimiwa," alisema Mellen, "wewe ulisema la."

Kijana mmoja alikohoa. Mheshimiwa alimtazama Mellen. "Nani alikwambia?"

"Nimesomewa Hansadi yote. Ulisema turubai hutoboka."

Emmaculate alicheka mpaka akashika mbavu. "Aki, Mheshimiwa, leo huna pa kujificha. Hata samaki hatukupi!"

Mheshimiwa Cliff hakukana. Alivuta pumzi. "Ndiyo, nilisema la," alisema. "Na bado nafikiria hivyo. Mnajua watoto wa kule chini?"

"Tunawajua," alisema Mellen. "Wengine ni wa nyumba yetu. Ulifanya vizuri kuuliza habari zao. Lakini ulisema hujaona dimbwi ambalo halivuji. Hukuja kuona letu."

Mheshimiwa alitazama viatu vyake, kisha njia ya matope iliyoteremka. "Liko wapi?"

"Hapo nyuma ya miti. Hatua mia moja na sitini kutoka kijitoni. Nimezihesabu mwenyewe."

Mellen alitangulia. Mheshimiwa alikunja suruali na kumfuata. Walipofika, Mellen alishuka dimbwini, akainua ukingo wa turubai ili mwakilishi wao aguse udongo ulio chini yake.

Mheshimiwa aliinama, akagusa. Ulikuwa mkavu.

"Ukirudi bungeni," Mellen alisema, "sema ulichokiona. Sisi tutasoma."