Kiongozi Aliyepigiwa Muhuri

Viatu vya Gyurmey vilikuwa vimelowa.

Lisingekuwa jambo la kushangaza kama Gyurmey mwenyewe angekuwa hai. Lakini siku arobaini na moja zilikuwa zimepita tangu ateleze kwenye theluji ya kipito cha mlimani cha Shaluk alipokwenda kukagua njia, na mwili wake ndege wa jabali la mazishi walikwisha kuumaliza, kama ilivyo haki ya kila maiti wa huko. Viatu vilibaki mlangoni mwa ofisi kwa sababu mganga aliagiza visiguswe mpaka siku arobaini na tisa zitimie, roho ipate kukata tamaa ya dunia na kwenda kutafuta tumbo jingine la kuzaliwa. Ikipitiliza siku hizo, alisema mganga, itabaki inatangatanga, wala hakuna anayejua ni kwa muda gani.

Yudron, dada wa marehemu na mwenye ofisi hiyo ndogo ya kupanga safari za milimani, kwenye uchochoro mmoja wa Lhasa ya zamani, aliinama akagusa ngozi ya kiatu. Ilikuwa na ubaridi wa barafu. Nje jua lilikuwa kali na mvua haikuwa imenyesha tangu mwaka mpya.

"Ngodup! Umevaa viatu vya yule?"

Alisema "yule" kwa sababu jina la maiti halitamkwi siku hizo. Ukimwita, atageuka.

"Mimi?" Ngodup alitoa kichwa jikoni. Alikuwa mpishi wa safari, na kwa kuwa msimu haujaanza, alikuwa pia karani, dereva na msemaji wa ofisi. "Dada, kwa mguu wangu huu? Hivyo vingenitosha kwenye vidole tu, kisigino kingekuja kesho yake."

Yudron hakucheka. Alikuwa ameshaiona ramani.

Wiki nzima alikuwa akipanga safari ya wageni sita: siku kumi na mbili kwa miguu, kupita bondeni kandokando ya mto, siku mbili za kupumzika ili vifua vizoee hewa nyepesi, yaki wanane, wale ng'ombe wa manyoya marefu, wa kubeba mizigo. Shaluk aliikwepa kwa makusudi. Njia aliichora kwenye ramani ya ukutani kwa uzi mwekundu wa sufu na pini. Sasa uzi ulikuwa umeacha bonde ukapanda moja kwa moja hadi Shaluk, na pale kileleni ulikuwa umefungwa fundo la kubania mizigo ya yaki, lile la kupinda mara tatu, ambalo ofisini pale alilijua mtu mmoja tu.

Akalifungua kwa meno, akaurudisha uzi bondeni. Asubuhi iliyofuata ulikuwa Shaluk. Akaurudisha. Siku ya tatu akaukuta Shaluk tena, na kwenye ratiba aliyoiandika kwa mkono wake kulikuwa na mstari wa mwandiko wa mdogo wake, ulioinamia kushoto: *Siku ya tisa, vukeni Shaluk kabla ya jua kuchomoza. Chukueni kinyesi kikavu cha yaki cha kutosha, huko juu hakuna kuni.*

Hasira ndiyo iliyotangulia. Hofu ilikuja nyuma ikihema, kama mgeni asiyezoea kupanda.

"Hata akifa anabishana nami kuhusu njia," alisema Yudron. Akafungua kabati, akatoa kibali cha safari ili ahakikishe njia iliyoidhinishwa ni ya bondeni. Ilikuwa ya bondeni. Ila chini yake, penye nafasi ya kiongozi, pameandikwa Gyurmey, na juu ya jina umekaa muhuri mwekundu, wa mviringo, umekolea vizuri kuliko mihuri yote aliyowahi kupewa.

Ofisi ile ilikuwa na desturi ya kusoma fomu kwa sauti kabla ya kuipeleka. Ngodup husoma, Yudron hufuata kwa kidole kwenye nakala ya zamani.

"Siku ile tulipofika kwenye kiongozi," aliuliza Yudron polepole, "ulisoma nini?"

Ngodup alikuwa ameshika chujio la chai, akasahau kuliweka chini. "Sikusoma kitu, dada. Nililiona jina. Nikanyamaza, nikainamisha kichwa. Ningelitamkaje?"

"Mimi nilisikia kimya nikajua pako wazi. Nikajua umeshalifuta."

"Nami nilidhani umeliacha kwa heshima."

Wakatazamana. Fomu ya mwaka jana, waliyoinakili ili kuokoa nusu siku, ilikuwa imemwajiri maiti, na heshima yao ndiyo iliyompitisha. Huko jikoni, ambako hakukuwa na mtu, ikasikika mbinja fupi ya kuwaita yaki.

*

Ofisi ya vibali ilikuwa na madirisha saba, na la kubadilisha kiongozi lilikuwa la tatu. Hapo alikaa Bwana Wangdu, mtu mwenye glasi ya chai yenye kifuniko na dunia yake yote ikiwa upande wa ndani wa kioo.

"Kubadilisha kiongozi ni rahisi," alisema. "Fomu hii hapa. Kiongozi anayetoka anatia sahihi hapa chini."

"Amefariki, Bwana Wangdu."

"Pole sana, dada. Basi lete cheti cha kifo."

"Wilaya alikofia wamesema cheti hakitolewi bila daktari kuuona mwili."

"Wapelekee mwili."

"Mwili wameshakula ndege."

Wangdu, ambaye baba yake mwenyewe alikwenda kwa njia hiyohiyo, aliitazama fomu mbele na nyuma kwa uaminifu. "Sehemu ya ndege haipo," alisema. "Njoo kesho."

Akaja kesho. Akaambiwa dirisha la tano, la tano wakamrudisha la tatu. Akaja kesho kutwa, kumbe palikuwa na mkutano. Hesabu ya siku ikafika arobaini na nne, arobaini na tano, arobaini na sita. Na kila aliporudi ofisini kwake amekunja uso na fomu, alimkuta mdogo wake amepiga hatua katika kazi: mahema yamekaguliwa na kukunjwa upya, kamba zimepimwa, vikombe sita vya wageni vimepangwa kwa ukubwa. Harufu ya sufu iliyolowa na siagi iliyochacha ilijaa chumba, ile ile aliyorudi nayo kila mwisho wa msimu. Maiti huyu alikuwa mchapakazi. Kama si kuogofya, angefaa kupewa barua ya pongezi.

Siku ya arobaini na saba aliitwa Aku Rigdzin, yule mganga, mwenye nywele zilizosokotwa na kuzungushwa kichwani kama kamba ya meli. Alimwaga unga wa shayiri uliokaangwa kutoka mlangoni hadi kwenye ramani, akaketi, akaomba chai ya chumvi.

"Mtu aliyekufa hajui kwamba amekufa," alisema. "Hujijua anapogeuka nyuma asione nyayo zake. Hapo hulia, kisha huenda. Tungoje aone."

Wakangoja. Ilikuwa saa tano ya mchana, jua limeingia hadi katikati ya chumba. Chai haijapoa, unga ukabonyea. Alama ya soli moja ilijichora, halafu ya pili, bila haraka, hatua za mtu anayejua kubana pumzi zake, zikapita kati ya Ngodup na jiko, zikasimama mbele ya ramani, na pini moja ikang'oka yenyewe kutoka bondeni.

"Mama yangu," alinong'ona Ngodup. "Aku, huyu ana nyayo."

"Ndiyo shida." Mzee naye alikuwa ameshusha sauti. "Hakupaswa kuwa nazo. Binti, mmemfanya nini?"

Yudron akamwonyesha kibali.

Aku Rigdzin alikiangalia kwa muda mrefu. Kisha akatoa kifuani karatasi ndogo yenye picha ya mtu aliyepiga magoti: karatasi ya jina, ambamo roho huitwa na kukaa wakati wa maombi, mpaka siku ya mwisho ichomwe kwa moto wa taa ya siagi na mwenyewe aende zake. "Siku arobaini na ushei nimekuwa nikimsomea humu," alisema kwa uchungu. "Nikawa najiuliza mbona karatasi ni nyepesi hivi. Kumbe nyie mmemwita kwenye karatasi nyingine. Tena yenu ina muhuri."

"Tufanyeje?"

"Ichomwe hiyo. Siku ya arobaini na tisa, mchana."

"Aku, nikikichoma hakuna safari. Na nisipopeleka safari mwaka huu, leseni inakufa."

"Basi chagua nani afe," alisema mzee, "maana mmoja ameshakufa na mmemnyima nafasi."

*

Siku ya arobaini na tisa Yudron aliwasha taa kabla ya adhuhuri. Alikumbuka miaka kumi na minne ya kuijenga ofisi ile kwa magoti yake. Akatamka jina la mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu afe, "Gyurmey, kazi imekwisha," akakisogeza kibali kwenye mwali wa taa, na karatasi haikushika mara moja bali ilianza kutoa jasho, matone ya maji ya baridi yakichuruzika kwenye vidole vyake, na mbinja ikaanza jikoni, ikapita ukutani, ikaja hadi nyuma ya sikio lake, ikawa ndefu na ya kuuliza kama ya mtu anayewaita wanyama waliomwacha juu ya mlima huku ukungu ukishuka, na Ngodup akaziba masikio, na Aku Rigdzin akapandisha sauti ya maombi mpaka ikakwaruza, na hapo ndipo pembe ya kibali ikashika moto, mistari ikaliwa mmoja mmoja, jina likajikunja likawa jeusi.

Mbinja ikakatika. Harufu ya sufu ilitoweka kana kwamba mtu amefungua dirisha. Ngodup alikwenda mlangoni akashika viatu.

"Vimekauka, dada," alisema, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Yudron aliketi sakafuni juu ya unga. Hakuwa na kibali, hakuwa na safari, na kwa mara ya kwanza katika siku tisa alivuta pumzi ikafika chini.

Saa tisa simu ikalia.

"Dada Yudron," ilisema sauti ya Bwana Wangdu, nayo ilikuwa ndogo, bila kifuniko. "Njoo umchukue mtu wako."

"Mtu gani?"

"Njoo, nakuomba. Ameketi tangu adhuhuri."

Ukumbi wa ofisi ya vibali ulikuwa mtupu. Watu walikuwa wamejipanga nje juani, hakuna aliyeeleza kwa nini. Mbele ya dirisha la tatu kulikuwa na kiti cha plastiki, na chini yake theluji ilikuwa ikiyeyuka taratibu, ikifuata mfereji wa vigae kuelekea mlangoni. Ilinuka sufu.

"Nakala," alisema Yudron. "Mna nakala."

"Nne," alijibu Wangdu. Uso wake ulikuwa na rangi ya mshumaa. "Zote zina muhuri. Zinatunzwa miaka kumi."

"Zichome!"

"Nyaraka hazichomwi, dada. Nitafungwa. Njia ni moja tu, abadilishwe kihalali, jina lifutwe kote." Na kwa mazoea ya mkono uliofanya kazi hiyo miaka ishirini, akasukuma fomu chini ya kioo. "Sahihi ya kiongozi anayetoka. Hapo."

Kiti kikalia. Kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye kaunta ikanyanyuka, ikanyoosha uzi wake, ikaandika kwa utulivu jina lililoinamia kushoto. Gyurmey hakuwahi kukataa kazi, wala kukataa kuachishwa.

Yudron alishika ukingo wa kaunta. Machozi yalimtoka bila sauti. "Basi. Piga muhuri, Bwana Wangdu. Siku inaisha jua likizama. Piga tu, mwache aende."

Wangdu alivuta droo. Akaitazama. Akaifunga, akaifungua tena.

"Muhuri anao mkuu," alisema. "Yuko mkutanoni."

"Mpaka saa ngapi?"

Hakutaka kulisema. Alitazama kiti, akatazama saa ya ukutani, lakini mdomo wake haukuwa umewahi kufundishwa neno jingine.

"Kesho," alisema.

Kiti kikalia tena, taratibu, kama cha mtu aliyezoea kungoja hali ya hewa itulie. Kisha ikasikika mbinja, fupi, ya subira, na maji chini ya kiti yakaanza kuganda.