Najiweka Kando

Diwani alikuwa keshapanda gari, kiti chake cha ofisini kimefungwa kamba juu ya paa. Watu wa soko walimsindikiza kwa vigelegele. Baraza la mji lilitaka kulibomoa soko lao, naye akawasomea barua yake kwa baraza, akasema hatakaa meza moja na wabomoaji.

Fundi cherehani alirudi kwenye mashine yake mlangoni mwa soko, akifuta machozi kwa kipande cha bitana.

"Huyo ndiye kiongozi," alisema. "Kaacha cheo kwa ajili yetu."

"Kaacha nini, wifi yangu?" akacheka muuza nyanya, dada wa mumewe. "Lini paka akamwachia mwenzake samaki?"

"Wewe nawe! Hata mvua ikinyesha utasema ni njama."

Bi Karani alikuwa anasubiri gauni lake lipunguzwe. Miaka ishirini aliandika kumbukumbu za vikao vya baraza, sasa amestaafu. "Barua yake ilisemaje? Neno kwa neno."

Fundi aliikumbuka vizuri, maana aliililia. "'Kwa uchungu, najiweka kando.'"

"Hakuandika 'najiuzulu'?"

"Si yale yale?"

"Hata kidogo! Angejiuzulu, kiti kingekuwa wazi, na kura ya soko ingesubiri mpaka mchague mwingine. Aliyejiweka kando kiti bado ni chake, ila hayupo. Kura ni Alhamisi. Bila yeye zitalingana, na zikilingana mwenyekiti ndiye mwamuzi."

"Na mwenyekiti?"

"Ndiye aliyeleta wazo la kubomoa."

Muuza nyanya akapiga makofi. "Si nilisema? Mnafiki!"

"Hilo nalo hulijui," alisema Bi Karani. "Huenda ana uchungu kweli. Huenda anakwepa. Ya moyoni hayapimwi kwa futi ya fundi. Pima tendo: limemfaa nani?"

Fundi aliondoa mguu kwenye pedeli. Kisha akakata uzi kwa meno. "Wifi, funika nyanya zako. Twende kwake."

Diwani aliwapokea sebuleni, kikombe mkononi. "Mama zangu, mimi ni mtu wa msimamo."

"Msimamo gani huo wa kukalia kochi?" akauliza muuza nyanya.

"Mnanitilia shaka?"

"Tunauliza, baba. Kuuliza si kutukana," alisema fundi. "Moyo wako hatuuoni. Labda ni safi kuliko wetu. Mkono wako tutauona. Njoo Alhamisi uunyooshe, au andika leo 'najiuzulu'."

Alhamisi watu wa soko walijaza mabenchi ya wasikilizaji. Mabenchi hayo yalikuwa wazi kwa kila mwananchi siku zote, ila hawakuwahi kuyakalia. Diwani aliingia wa mwisho. Aliwatazama. Zilipoitwa kura za kupinga, akanyoosha mkono.

Soko halikubomolewa. Diwani alirudisha kiti ofisini. Uchaguzi uliofuata alishindwa. Kama uchungu wake ulikuwa wa kweli, hakuna aliyejua. Muuza nyanya bado hamwamini mtu, lakini hakosi kikao. Bi Karani alipata gauni lake, limepunguzwa kupita kiasi. Fundi anashona palepale mlangoni, na siku ya kikao hufunika mashine mapema.