Kamba ya Anuar

Stélio, mwenzangu wa ofisini Pemba, si mtu wa porojo, na ndiyo maana jambo hili linanikosesha raha. Mwaka ule meli za utafiti wa gesi zilipozidi, alisafiri kwenda Palma kuzamia kwa mtungi wa hewa. Asubuhi walitoka na Anuar, mzamiaji wa majongoo bahari wa palepale, kila mmoja na kayaki yake.

Stélio alijifunga kamba kiunoni, akataka ncha ya pili ifungwe kwenye kayaki. Anuar akakataa.

“Sisi huku tunaishika mkononi, bwana. Ukiwa salama vuta mara mbili, nami nitakujibu.”

Chini kulikuwa giza, na mshindo wa meli ulimgonga kifuani, du, du. Halafu ukanyamaza. Stélio akavuta mara mbili. Akajibiwa. Akavuta tena, akajibiwa.

Alipoibuka, Anuar alikuwa mbali, anapiga kasia mbiombio kumfuata.

“Niwie radhi, ndugu yangu. Kamba iliniponyoka ulipozama tu.”

Stélio akajipapasa kiunoni. Kamba ilikuwa imekazana kuelekea chini, na alipoanza kufungua fundo, ikavutwa mara mbili, taratibu.