Kondoo Asiye na Alama

Kila Ijumaa, Mwalimu Letuka alianza somo kwa kitendawili. Wanafunzi wa darasa la sita walimsikiliza wakiwa wamejifunika mablanketi yao, maana milima ya Lesotho haina huruma mwezi wa Juni, na jiko la darasani lilitoa moshi mwingi kuliko joto.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Zizi langu la mawe meupe, kondoo wakitoka hawarudi."

Wakababaika, mpaka Tsebo, aliyependa utani kuliko hesabu, akamjibu mwalimu, "Mdomo, Ntate. Mawe ni meno, kondoo ni maneno. Wa Lineo walishatoka wote, zizi liko tupu."

Darasa likacheka. Lineo naye akacheka. Siku hiyo hakuna ambacho kingemuudhi. Insha yake juu ya theluji kubwa, ile iliyokifunika kijiji kabla hajazaliwa, ilikuwa imechaguliwa kusomwa kesho yake mbele ya wazazi na chifu.

Mwalimu akagawa vipande vya boksi vilivyokatwa umbo la kondoo. "Leo tunachunga," akasema. "Kila habari uliyoitia kwenye insha, iandike juu ya kondoo mmoja, kisha umtie sikioni alama ya mwenyewe. Umeitoa kitabuni, kata ncha ya sikio, uandike jina la kitabu. Umeambiwa na mtu, toboa tundu, uandike jina lake. Uliyoyaona kwa macho yako, weka alama ya kwenu. Asiyejulikana mwenyewe anaingia hapa." Akachora duara la chaki sakafuni. Hilo likawa zizi la chifu, la mifugo iliyopotea.

Lineo alimaliza wa kwanza. Kondoo wake tisa, wote aliwakata mikato miwili sikio la kushoto, alama ya baba yake.

Tsebo akawageuza mmoja mmoja. Utani ukamtoka usoni. "Lineo, theluji hii uliiona wewe?"

"Wamezaliwa kwenye daftari langu," Lineo akajibu. "Anayezaliwa zizini kwetu tunamtia alama yetu. Kwenu hamfanyi hivyo?"

"Tunafanya. Ila mama yao alikuwa wa nani?"

Darasa zima likamgeukia Lineo. Hapakuwa na mtoto mle asiyejua anavyoitwa mtu anayemtia alama yake mnyama wa mwingine. Hakuna aliyelitamka neno lile, na Lineo akaona afadhali wangelitamka.

Mwalimu hakumkaripia. "Warudishe kwa wenyewe kabla ya kesho asubuhi," alisema. "Ukishindwa, atasoma mwingine."

Mchana ule Lineo akakata kondoo wapya wa boksi, akaanza kazi. Kondoo watano walikuwa wa kitabu kimoja cha maktaba. Watatu walikuwa wa bibi jirani yao, Nkhono Mathuso. Akabaki mmoja, tena yule mzuri kuliko wote: "Theluji ilipita komeo la mlango, tukatoboa nyasi tukatokea juu ya paa." Alikipekua kitabu mara mbili, hakuyaona maneno hayo. Akarudi kwa Nkhono Mathuso, akamkuta anapembua maharage.

"Si wangu huyo, mjukuu wangu," bibi akasema. "Mimi nilifukuliwa na majirani, nikatokea mlangoni. Na unene huu, ningepita paa gani?"

Akamuuliza shangazi, akawauliza wachungaji kisimani. Wote walitikisa kichwa. Sauti ya aliyeyasema ilikuwa masikioni mwake, lakini uso hauji. Alikaa kitandani na mkasi mkononi. Angeweza kuandika jina la babu yake marehemu; nani angebisha? Akatoboa tundu, akashika kalamu, mkono ukakataa. Akalia mpaka akachoka, na kondoo akabaki bila jina.

Asubuhi alimfuata mwalimu. "Ntate, nimeshindwa. Mmoja sijui ni wa nani."

"Chifu akiletewa mnyama aliyepotea, hufanya nini?"

"Humtangaza mbele ya watu."

"Basi katangaze."

Lineo akasoma, akitaja wenyewe mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye paa, akaishusha karatasi. "Maneno haya si yangu," akasema. "Simjui mwenyewe. Anayemjua, naomba aseme."

Watu wakatazamana. Chifu akakohoa. Lineo akatamani sakafu immeze.

Ndipo nyuma kabisa akasimama Mama Matumelo, mpishi wa shule, mwiko bado mkononi. "Ni yangu," akasema. "Niliwaambia mkiwa kwenye foleni ya chakula, mnalalamikia baridi. Tulitoka mimi na kaka yangu. Mama yetu alishindwa kupanda. Tulipomrudia na watu, alikuwa amekwisha kufa. Hilo sikuwaambia."

Lineo akainamia karatasi, akachukua kalamu. "Niandike nani, mama?"

"Niandike mimi. Na mama aliitwa Nthofeela."

Akayaandika majina yote mawili, polepole, watu wakimsubiri.

Mwalimu Letuka akasimama kando yake. "Watoto, mnajua ng'ombe wa mafisa," akasema. "Mtu anakukabidhi ng'ombe wake, unamlisha, unamkamua, wanao wanakunywa maziwa. Lakini sikio lake huligusi, na ukiulizwa unasema ni wa fulani. Maneno ya watu ni hivyo hivyo. Yatumieni mshibe, mkiwataja wenyewe. Lineo angeacha alama ya kwao kwenye sikio lile, leo hakuna hata mmoja wetu angelisikia jina la Nthofeela."