Bomba la Kuonyesha Wageni

Wenzangu wa mtaa huu, leo simsengenyi mtu. Ninayesimulia habari zake anajua, na ameniruhusu. Ni jambo linalonikera kifuani, na nisipolitoa sitatulia kwenye cherehani.

Ukuta wa chumba changu cha kushonea umepakana na bafu la jirani yangu kinyozi, yule tunayemwita Kisasa kwa kupenda vitu vipya. Anaishi na mama yake tu. Mke hana, na hilo si neno letu leo. Asubuhi zao zilikuwa tulivu: redio chini chini, mama akiuliza kama shati limepigwa pasi, mwana akimtania kwamba bosi wa nyumba ameamka. Nilizoea kushona nikiwasikiliza.

Kisha vidole vya mama vikaanza kukakamaa na mikono kutetemeka. Bomba la sinki lilikuwa la kuzungusha, likamshinda. Alikuwa akinigongea ukuta. "Mwanangu, njoo unifungulie maji." Kwa hiyo Kisasa alipotangaza kwamba anamnunulia bomba lisiloguswa, lenye jicho dogo linalouona mkono na kumwaga maji lenyewe, sote tulimsifu.

Fundi bomba alimshauri vizuri, nami nilikuwepo.

"Kaka, mtumiaji ni mama. Mpeleke dukani ajaribu. Jicho la hili linataka mkono utulie katikati. Lipo lingine lina jicho na kipini pembeni, jicho likigoma unasukuma kipini."

"Kipini kinaharibu sura," Kisasa akasema. "Nataka lile refu jeusi. Mama atalizoea."

"Umemuuliza?"

"Fundi, wewe funga bomba."

Likafungwa. Wiki ile nyumba haikukosa wageni. Kisasa aliwaingiza mpaka bafuni, wakapunga mikono, maji yakatoka, wakacheka. Na mimi nilipunga. Mama alisimama mlangoni akitutazama. Mwanawe akamuuliza mbele yetu, "Mama, si zuri?"

"Zuri, mwanangu."

Wageni walipokwisha nikaanza kusikia kitu ukutani. Maji yanatoka kidogo, yanakatika. Yanatoka, yanakatika. Mara kumi, mara kumi na tano. Nikawa nakosea mishono, nafumua, naketi, nasimama. Siku zilivyokwenda sauti ikapungua, ikawa mara moja kwa siku, nami badala ya kutulia nikazidi kukosa raha. Mama hakunigongea ukuta tena. Sikwenda kuuliza, nilikuwa na gauni za watu.

Nilikwenda nilipoitwa kumpima gauni jipya. Vipimo vyake vya zamani ninavyo kwenye daftari. Nikazungusha futi kiunoni, nikarudia, maana sikuamini. Inchi tatu zilikuwa zimepotea katika miezi miwili. Midomo ilikuwa imepasuka, na katikati ya vidole vya mkono wa kulia palikuwa na sabuni iliyokaukia.

"Mama, unakula?"

"Chakula hakipiti. Koo kavu."

"Na maji hunywi?"

Akatazama mlango kwanza. "Nikinywa nitakwenda chooni. Nikienda chooni lazima ninawe. Mkono mmoja nashika sinki nisianguke, huu mwingine unatetemeka. Lile bomba linauona, halafu linaupoteza. Nabaki na sabuni. Basi ninajizuia kunywa."

Nilimpigia Kisasa simu aje upesi. Kabla hajafika, mama alijaribu kuinuka, akapepesuka, nikamdaka.

Hospitalini daktari alisema mwili umekauka na figo zimeanza kuumia, tungechelewa wiki moja tungemkosa. Siku sita za dripu. Kisasa aliketi kwenye benchi, akainuka, akatembea, akamuuliza muuguzi swali lile lile alilouliza dakika tano nyuma. Nilimwonea huruma na nilikuwa na hasira naye, vyote pamoja.

Mama alipopata nguvu, mwanawe akamwinamia. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaita watu waje kuliona. Ningekuambia saa ngapi?"



Mama alipotoka hospitali, Kisasa na fundi walimweka kwenye kiti katikati ya duka la vifaa vya ujenzi. Fundi akamletea mabomba moja baada ya jingine, naye akayajaribu kwa kiwiko. Kisasa alisimama nyuma ya kiti, asichague chochote. Mama akachagua lenye mkono mrefu wa kusukuma, kama yale ya wodini, na fundi akaongeza chuma cha kushikilia ukutani. Lile jeusi likahamia kwenye banda la Kisasa la kunyolea, ambako mikono imejaa nywele na povu, na huko linafaa.

Siku bomba la mama lilipofungwa nilikuwa kwenye cherehani. Nikasikia maji yakitiririka muda mrefu bila kukatika, kisha yakafungwa. Halafu sauti ya mama: "Haya, niletee maji ya kunywa. Kikombe kikubwa."

Nililaza kichwa juu ya cherehani nikalia.

FUNZO

Bomba halina kosa. Kosa ni kumnunulia mtu kitu bila kumuuliza, kisha kumtaka akisifu mbele za watu. Mzazi akisema "zuri" mbele ya wageni, hajajibu. Muulize tena mkiwa wawili. Mpeleke dukani, aguse, ajaribu, akatae. Na wewe jirani unayesikia jambo ukutani, acha kazi ukagonge mlango. Mimi sikugonga, na kile kipimo cha inchi tatu pungufu bado kimo kwenye daftari langu.